Kutoka Paundi za Mvuke hadi Daraja: Historia ya Kukadiria Shinikizo la Flenji

Flenji ni pete nene ya chuma iliyo mwishoni mwa bomba, vali au pampu, yenye matundu yaliyopangwa kwa mduara, ambayo hukutanishwa na pete nyingine ya aina yake, katikati ikawekwa gasketi ya kuziba uvujaji, kisha zote mbili zikakazwa kwa bolti na nati. Pembeni mwa pete hiyo hugongwa mhuri unaotaja mtengenezaji, ukubwa wa bomba, aina ya chuma na namba moja kati ya hizi: 150, 300, 400, 600, 900, 1500 au 2500. Mafundi wengi huiita namba hiyo "paundi", nao wana sababu ya kihistoria ya kuiita hivyo, lakini anayeichukulia kuwa ndiyo shinikizo ambalo flenji inaweza kubeba hukosea kwa kiasi kikubwa. Flenji ya daraja la 300 iliyofuliwa kwa feleji ya kaboni, yaani chuma kilichosafishwa na kubakishiwa kaboni kidogo, huruhusiwa kubeba paundi 740 kwa kila inchi ya mraba katika halijoto ya kawaida, ambazo ni sawa na baa 51.1, ilhali flenji hiyohiyo ikifikishwa nyuzi 538 za Selsiasi hubakiwa na baa 5.9 tu. Katika safu hiyo ndefu ya halijoto, namba 300 hugeuka kuwa shinikizo halisi mahali pamoja tu njiani.

Hali hiyo haieleweki kwa kusoma majedwali peke yake, kwa sababu namba hizo hazikuzaliwa na kanuni. Zilianza kama shinikizo halisi la mvuke, zikageuka kuwa majina, na baada ya miongo kadhaa ndipo wahandisi walipozitafutia kanuni ya hesabu ambayo ingezihalalisha bila kubadili umbo la vyuma vilivyokwisha kufungwa viwandani.

Enzi ya kila kiwanda na matundu yake

Katika karne ya 18 injini za James Watt zilitumia mvuke wenye shinikizo lililozidi kidogo tu lile la hewa, na kiungo cha bomba kingeweza kuzibwa kwa katani iliyopakwa risasi bila hatari kubwa. Hataza ya Watt ilipokwisha mwaka 1800, watu kama Richard Trevithick walijenga injini za shinikizo la juu zilizokuwa ndogo, zenye nguvu na hatari zaidi, na tangu hapo swali la uwezo wa chuma kuvumilia likawa swali la uhai wa watu. Mnamo Aprili 1865 boila za meli Sultana zililipuka katika mto Mississippi, karibu na Memphis, na zaidi ya watu 1,100 wakafa, wengi wao wakiwa wanajeshi waliotoka kwenye kambi za wafungwa wa vita. Macho ya umma yalielekezwa kwenye boila, na flenji zilikuja kufaidika na mageuzi ambayo hayakuanzishwa kwa ajili yake.

Wakati huo flenji zilikuwa za chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, chenye sifa ya kuwa rahisi kutengeneza na kubeba uzito mkubwa kikigandamizwa, lakini chepesi kupasuka kikivutwa au kupindwa. Kila kiwanda kilikuwa na kigezo chake cha kutobolea matundu, hivyo vali iliyonunuliwa Philadelphia haikuwa na hakika ya kuoana na bomba lililosubiwa Chicago, na mwenye mtambo aliyebadilisha muuzaji alilazimika kutoboa upya au kuagiza kipande cha kuunganishia. Kabla ya kuuliza flenji inabeba shinikizo gani, watu walihitaji kwanza flenji mbili zinazokutana, na ndiyo maana historia ya makadirio ya shinikizo inaanza na historia ya matundu.

1894–1914: vipimo vyatangulia nguvu

Chama cha Wahandisi Mitambo cha Marekani, kijulikanacho kwa kifupi ASME, kiliundwa mwaka 1880. Mwaka 1894 kamati yake ilikutana na ile ya chama cha wakandarasi wa mabomba ya mvuke na maji ya moto, pamoja na wawakilishi wa watengenezaji na watumiaji wakubwa, wakakubaliana juu ya jedwali moja la vipenyo, unene na idadi ya bolti. Uamuzi mmoja wa jedwali hilo umedumu hadi leo, nao ni kwamba idadi ya bolti iwe inayogawanyika kwa nne, ili vali au kipinda kiweze kugeuzwa robo duara na matundu yaendelee kukutana. Mwaka 1901 watengenezaji waliongeza jedwali la flenji nzito zaidi kwa ajili ya mvuke wa paundi 250.

Makubaliano hayo hayakuwa na nguvu ya sheria, na ushindani ulikaribia kuyavunja. Mwaka 1912 yalijitokeza majedwali mawili yanayopingana, moja la kamati ya wahandisi na wakandarasi, jingine la watengenezaji waliodai kwamba gharama ya kubadili kalibu zao ingekuwa kubwa mno, na mivutano hiyo ikamalizwa kwa suluhu iliyoitwa Kiwango cha Marekani cha 1914. Kiwango hicho kilikuwa na ngazi mbili, 125 na 250, na hapa ndipo penye asili ya neno "paundi": flenji ya 125 ilikusudiwa mvuke uliojaa, yaani mvuke ulio katika halijoto ileile ambayo maji yake yanachemkia, wenye shinikizo la paundi 125 kwa inchi ya mraba. Kwa mvuke wa namna hiyo shinikizo na halijoto hufungamana, kwa kuwa paundi 125 za mvuke uliojaa huwa na nyuzi 178 za Selsiasi zisizopungua wala kuzidi, hivyo namba moja ilitosha kueleza mambo mawili. Mtu aliyeipeleka flenji hiyo kwenye maji baridi aliruhusiwa kwenda juu zaidi, na kiwango cha chuma cha kusubu kinachotumika sasa bado kinaitambua flenji ndogo ya daraja la 125 kuwa na uwezo wa paundi 200 kwa maji ya kawaida.

Katika miaka hiyohiyo sheria za boila zilikuwa zikikomaa kwa sababu ya msiba mwingine. Tarehe 20 Machi 1905 boila ya kiwanda cha viatu cha Grover huko Brockton, Massachusetts, ililipuka na kuua watu 58, na miaka miwili baadaye jimbo hilo likatunga kanuni za boila ambazo ziliifungulia ASME njia ya kuandika msimbo wake wa kwanza wa boila, uliobeba tarehe ya mwaka 1914. Msimbo huo ulileta dhana ambayo flenji zingeihitaji baadaye, yaani mkazo unaoruhusiwa: kiasi cha nguvu ambacho kila inchi ya mraba ya chuma inaweza kubebeshwa salama, kilichopatikana kwa kugawa nguvu ya kukatika kwa chuma hicho kwa kigawo cha usalama.

Mvuke mkavu wauvunja ukoo wa chuma cha kusubu

Kilichouvunja mfumo wa namba moja ni mvuke uliopashwa moto kupita kiwango chake cha kuchemka. Kazi ya Mjerumani Wilhelm Schmidt katika muongo wa mwisho wa karne ya 19 ilionyesha kwamba mvuke mkavu wa namna hiyo huokoa makaa mengi, na mitambo ya umeme ikaupokea kwa haraka. Lakini mvuke huo uliitenganisha halijoto na shinikizo, kwa maana mvuke wa paundi 150 ungeweza sasa kuwa na joto lolote ambalo tanuru lingeweza kulitoa, na chuma cha kusubu kiligundulika kuwa hakivumilii: kikikaa muda mrefu katika joto hilo kilivimba, kikapoteza nguvu na kupasuka bila kuonya. Tangu mwanzo wa karne ya 20 wahandisi walianza kuweka flenji na vali za feleji kwenye mabomba ya mvuke mkavu, kwanza kwa hofu ya gharama, kisha kwa lazima.

Kituo cha umeme cha Edgar huko Weymouth, Massachusetts, kilipoanza mwaka 1925 kutumia mvuke wa paundi 1,200, hapakuwa na jedwali lolote la taifa lililokwenda karibu na shinikizo hilo. Kamati ya B16, iliyoundwa mwanzoni mwa muongo huo chini ya taasisi ya viwango ya Marekani ili kuunganisha kazi za ASME, wakandarasi na watengenezaji wa vali, ilitoa mwaka 1927 kiwango cha majaribio cha flenji za feleji kilichoitwa B16e, kikafuatwa na toleo la 1932 na lile la 1939. Humo ndimo safu ya madaraja inayojulikana leo ilipopata sura yake, na humo pia ndimo namba ilipoanza kutengana na maana yake ya kwanza, kwa kuwa kila daraja lilihitaji sasa kutajwa pamoja na halijoto ya marejeo.

Kwa feleji ya kaboni, mpangilio uliokuja kuzoeleka katika matoleo ya katikati ya karne ulikuwa huu: flenji ya 150 ilibeba paundi 150 katika nyuzi 500 za Farenhaiti, ambazo ni nyuzi 260 za Selsiasi, ilhali flenji za 300 na kuendelea zilibeba paundi zinazolingana na namba zake katika nyuzi 850 za Farenhaiti, yaani nyuzi 454 za Selsiasi. Chini ya halijoto hizo flenji iliruhusiwa zaidi ya namba yake, na juu yake iliruhusiwa pungufu. Tofauti hiyo ya marejeo kati ya 150 na nduguze ndiyo iliyoifanya 150 kuwa mtoto wa kambo wa familia hii: ukidhani kwamba ina nusu ya uwezo wa 300 utakuwa umeipa zaidi ya inachostahili, kwa kuwa katika halijoto ya kawaida yenyewe hubeba paundi 285 na mwenzake paundi 740.

Matundu, hata hivyo, hayakuguswa. Ili vali ya feleji iweze kufungwa kwenye pampu ya zamani ya chuma cha kusubu, flenji ya feleji ya 150 ilipewa duara la bolti la ile ya 125, na ya 300 ikapewa la 250. Flenji ya inchi nne ya daraja la 150 inayotoka kiwandani leo ina kipenyo cha inchi tisa na bolti nane za thumni tano za inchi, zilizopangwa kwenye duara la inchi saba na nusu, na vipimo hivyo vitatu ndivyo vya flenji ya 125 ya chuma cha kusubu.

1927–1943: hesabu yafika baada ya chuma

Ni jambo la kushangaza kidogo kwamba jedwali la 1927 lilichapishwa kabla ya kuwepo nadharia iliyokubalika ya mikazo ndani ya flenji. Unene wa pete ulikuwa umerithiwa kutoka kwa mazoea ya viwanda, majaribio ya maji na kumbukumbu za flenji zilizovuja, na mwaka huohuo wa 1927 Everett O. Waters na J. Hall Taylor walichapisha uchunguzi wa nguvu za flenji za mabomba, uliotazama flenji kama mwili wenye sehemu tatu zinazovutana: pete, shingo yenye kupungua unene, na ukuta wa bomba lenyewe.

Ugumu wa jambo unaonekana mtu akifuatilia nguvu katika flenji moja. Iwapo kiungo cha bomba la inchi nne kina shinikizo la baa 20, na shinikizo hilo linakandamiza eneo lenye kipenyo cha takriban milimita 150 hadi kwenye gasketi, nguvu inayotaka kuzitenganisha flenji mbili inazidi tani tatu na nusu. Bolti nane zinaweza kuibeba nguvu hiyo kwa urahisi, lakini zimekaa nje ya gasketi, hivyo kila moja inapovuta inaipinda pete kuelekea ndani, mithili ya mtu anayekunja ukingo wa sahani ya bati kwa vidole. Pete ikipinda, shingo hupindika nayo, ukuta wa bomba huvutwa, na gasketi hupoteza mkandamizo upande wa ndani. Kwa sababu hiyo mara nyingi flenji huvuja kabla ya kuvunjika, na swali la msingi la mhandisi huwa ni kama pete itabaki wima kiasi cha kutosha kuishika gasketi, si kama itapasuka.

Waters aliendelea na kazi hiyo pamoja na D. B. Wesstrom, D. B. Rossheim na F. S. G. Williams, na mwaka 1937 wakachapisha kupitia ASME fomula za mikazo katika viungo vya flenji vilivyofungwa kwa bolti. Njia yao iliingia katika msimbo wa vyombo vya shinikizo na hadi leo ndiyo shina la hesabu za flenji zisizo za kiwango. Upande wa gasketi ulikamilishwa mwaka 1943, Rossheim na A. R. C. Markl walipopendekeza thamani mbili kwa kila aina ya gasketi: moja inayoeleza mkandamizo wa kuifanya ijikalie vizuri mara ya kwanza, na nyingine inayoeleza mkandamizo unaohitajika isivuje shinikizo likishafika.

Nadharia mpya ilipoelekezwa kwenye flenji za zamani, matokeo hayakuwa ya kupendeza kila mahali. Baadhi ya ukubwa wa kiwango, ukipimwa kwa fomula za 1937 katika shinikizo la juu kabisa linaloruhusiwa na jedwali, huonekana kuwa na mkazo uliozidi kikomo, ilhali maelfu ya flenji za ukubwa huo zilikuwa zikifanya kazi bila kuvuja. Kamati zilichagua kuamini uzoefu. Uamuzi huo umelaumiwa na wanaopenda usafi wa hesabu, lakini ulikuwa na busara, kwa kuwa kuongeza milimita chache za unene kungelazimisha bolti ndefu, nafasi tofauti kati ya nyuso na vali mpya katika kila kiwanda cha nchi, kwa ajili ya kuponya ugonjwa ambao haujaonekana kwa mgonjwa.

Vita Kuu ya Pili iliongeza shinikizo la namna nyingine. Feleji ilikuwa haba, na mwaka 1943 kilitolewa kiwango cha wakati wa vita kilichoyatazama upya makadirio ya flenji za feleji kwa nia ya kuokoa chuma. Mwaka huohuo bomba la mvuke lilipasuka katika kituo cha umeme cha Springdale, Pennsylvania, na uchunguzi ukaonyesha kwamba kaboni iliyokuwa imeenea ndani ya feleji ilikuwa imejitenga kwa miaka kadhaa ya joto na kuwa vipande vya grafiti karibu na kiungo cha kulehemu, vikaacha mstari dhaifu. Fundisho hilo limebaki katika majedwali kama onyo dogo chini ya feleji ya kaboni, kwamba haifai kuachwa kwa muda mrefu juu ya nyuzi 425 za Selsiasi, hata kama namba zinaendelea kushuka hadi 538.

Ulaya na namba za Renard

Uingereza ilianza mapema kwa njia yake. Kamati ya Viwango vya Uhandisi, iliyoundwa mwaka 1901, ilitoa mwaka 1904 majedwali ya flenji yaliyopewa namba BS 10, na katika matoleo ya baadaye kila jedwali likapewa herufi badala ya shinikizo: Jedwali D kwa paundi 100, E kwa 200, F kwa 300, H kwa 500. Majedwali hayo yalisambaa pamoja na mashine za Kiingereza katika himaya yote, na ingawa Uingereza yenyewe iliyaacha, Australia imeyahifadhi katika kiwango chake cha AS 2129, ambamo mafundi wanaendelea kuagiza "Table E".

Bara la Ulaya, likiongozwa na Ujerumani, lilichagua shinikizo la kawaida, linaloandikwa PN likifuatwa na namba: 6, 10, 16, 25, 40, 63, 100. Namba hizo hazikuokotwa. Zinafuata mfuatano wa Charles Renard, ofisa mhandisi wa jeshi la Ufaransa aliyeshughulikia maputo katika karne ya 19, ambaye alipunguza aina za kamba zilizotumika kutoka 425 hadi 17 kwa kupanga ukubwa wake ili kila hatua izidi iliyotangulia kwa uwiano uleule. Katika mfuatano unaotumika kwa flenji, hatua tano huzidisha namba mara kumi. Ujerumani iliandika 64 kwa muda mrefu kabla ya Ulaya kukubaliana juu ya 63, jambo lisilo na athari yoyote kwa usalama lakini lililowapa kazi wachapaji wa katalogi.

Tofauti ya kimsingi kati ya mifumo miwili iko kwenye halijoto ya marejeo. Namba ya PN hueleza baa ambazo flenji inabeba katika halijoto ya chumba, kisha jedwali hupunguza kadiri joto linavyopanda, ilhali namba ya Kimarekani ilirithi marejeo yake kutoka kwenye mvuke mkali, ndiyo maana katika ubaridi hupanda juu ya jina lake. Flenji ya PN 16 ya milimita 100 ina duara la bolti la milimita 180, na ya inchi nne ya daraja la 150 ina milimita 190.5, hivyo hazifungiki pamoja hata zingekuwa na uwezo sawa.

Miaka ya 1970: namba zatafutiwa kanuni

Kiwango cha Marekani kilichapwa upya mwaka 1953 kwa jina la B16.5, na matoleo yake ya miaka ya 1950 na 1960 yaliendelea na makadirio yaliyotegemea marejeo ya halijoto mbili zilizotajwa. Tatizo lilikuwa wingi wa vyuma vipya. Viwanda vya kemikali na vya kusafisha mafuta vilitaka feleji zenye kromiamu, molibdenamu na nikeli, kila moja ikipoteza nguvu kwa mwendo wake joto linapopanda, na kamati haikuweza kuendelea kuipangia kila moja safu ya namba kwa mapatano.

Matoleo ya miaka ya 1970 yalileta kanuni moja kwa vyuma vyote. Kwanza huchaguliwa mkazo wa chuma husika katika halijoto husika, ambao ni mdogo kuliko yote kati ya kadhaa: asilimia 60 ya kikomo cha unyumbufu katika nyuzi 38, yaani mkazo ambao ukivukwa chuma hakirudi umbo lake, asilimia 60 ya kikomo hicho katika halijoto ya kazi, na kiasi kinachotokana na robo ya nguvu ya kukatika. Halijoto ikiwa juu kiasi kwamba chuma huanza kurefuka polepole chini ya mzigo usiobadilika, mkazo unaoruhusiwa na msimbo wa boila ndio unaotawala. Mkazo uliochaguliwa hugawanywa kwa 8,750, kisha huzidishwa kwa namba ya daraja, na jibu ni paundi zinazoruhusiwa.

Kwa feleji ya kaboni iliyofuliwa, inayojulikana kwa alama A105, kikomo cha unyumbufu ni paundi 36,000 kwa inchi ya mraba, na asilimia 60 yake ni 21,600. Kiasi hicho kikigawanywa kwa 8,750 na kuzidishwa kwa 300, hupatikana 740.6, ambayo huandikwa 740 katika jedwali. Matoleo ya zamani yalikuwa na 720, kwa hiyo kanuni mpya iliikuta flenji ya zamani ilipo na kuisogeza kidogo tu, jambo linalothibitisha kwamba kigawo hicho kilichaguliwa kwa ajili ya kulinda vyuma vilivyokwishakuwepo. Maana yake ni kwamba namba ya daraja sasa ni shinikizo ambalo flenji ingebeba kama chuma chake kingekuwa na mkazo wa paundi 8,750 tu, hali ya kufikirika ambayo haihusiani na mvuke wa mtambo wowote.

Kwa feleji isiyoshika kutu kigezo ni asilimia 70 ya kikomo cha unyumbufu, kwa sababu chuma hicho huendelea kujikaza kikivutwa na hakianguki ghafla. Aina ya 316 yenye kikomo cha paundi 30,000 hupata 21,000, na daraja la 300 likabeba paundi 720. Aina ya 316L yenye kaboni kidogo zaidi na kikomo cha 25,000 huishia 600. Mnunuzi anayebadili A105 kwa 316L akidhani amejiongezea usalama hupoteza karibu moja ya tano ya uwezo wake katika ubaridi, ingawa kwa 316 ya kawaida mambo hugeuka joto linapopanda, kwani katika nyuzi 538 daraja la 300 la chuma hicho bado hubeba baa 25.2.

Daraja la 150 halikukubali kuingia katika kanuni kwa jina lake. Kama lingezidishwa kwa 150 lingepewa uwezo ambao pete yake nyembamba haina, kwa hiyo badala ya 150 hutumika 115, na juu yake umewekwa mstari wa kikomo unaoshuka kadiri joto linavyopanda, ambao hauvukwi na chuma chochote hata kikiwa imara namna gani, kwa sababu kinachoshindwa hapo ni uwezo wa kiungo kushika gasketi. Kiwango hicho huonya pia kwamba viungo vya 150 huweza kuvuja juu ya nyuzi 200 na vya madaraja mengine juu ya nyuzi 400, pale panapokuwa na mizigo mikubwa ya nje au joto lisilo sawa. Ni katika miaka hiyo pia ambapo neno "paundi" liliondolewa rasmi na nafasi yake kuchukuliwa na "Daraja", bila mafundi kujali sana.

Visima, na jaribio la kuunganisha

Sekta ya mafuta ilienda njia yake kwa sababu kichwa cha kisima hakina mvuke mkali bali shinikizo kubwa katika joto la wastani. Taasisi ya Petroli ya Marekani, iliyoundwa mwaka 1919, ilizipa flenji zake majina ya shinikizo halisi la kazi: 2,000, 3,000, 5,000 na kuendelea. Flenji ya 2,000 hufungika kwenye ile ya daraja la 600, ya 3,000 kwenye 900, na ya 5,000 kwenye 1500, ingawa daraja la 600 la feleji ya kaboni hubeba paundi 1,480 tu. Kinachotofautiana ni chuma, kwa kuwa flenji hizo za visima hudai kikomo cha unyumbufu cha paundi 60,000, nazo hazilazimiki kufanya kazi katika joto la boila. Zikifungwa pamoja, kiungo chote hushuka hadi uwezo wa flenji dhaifu zaidi.

Mwaka 1992 Shirika la Kimataifa la Viwango lilijaribu kuziweka familia hizi katika kitabu kimoja, ISO 7005-1, na madaraja ya Kimarekani yakapewa majina ya PN: 150 ikawa PN 20, 300 ikawa PN 50, 2500 ikawa PN 420. Majina hayo hayakushika viwandani. Toleo la B16.5 la 2003 lilivipa vipimo vya metriki nafasi ya kwanza na kuzihamishia paundi katika kiambatisho, lakini bolti na matundu yake yakaachwa katika inchi, na mwaka 2011 kitabu cha kimataifa kiliandikwa upya ili kielekeze kwenye viwango vya pande mbili, EN 1092-1 kwa wenye PN na B16.5 kwa wenye Daraja. Kiwanda chenye mitambo kutoka pande zote mbili hununua flenji za mpito, zilizotobolewa kwa milimita upande mmoja na kwa inchi upande wa pili.